Kukosoa Si Kuumbua

Kisumu Ndogo, Malindi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Je, kifua kimeacha kukubana? Na mama, magoti yanamruhusu kufika kisimani? Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa simiti. Tunapiga plasta nyumba kubwa huko Watamu; natoka alfajiri, narudi nimekwisha.

Nimepata ujumbe wako kwamba Jumapili ijayo utasimama kanisani umtaje Musyoka mbele ya watu wote, kwa kuwa aling'oa mikonge ya mpakani na kuisogeza ndani ya shamba la shangazi. Ni kweli mdogo wangu amekosa. Simtetei. Lakini nisikilize kwanza.

Jumapili iliyopita alitujia mhubiri aliyesoma Kigiriki. Akasema katika Maandiko, pale tunapoamriwa tumwendee ndugu aliyekosa tukiwa wawili tu, na pale tunapoamriwa kuyatoa matendo ya giza nuruni, neno ni lile lile moja: elenkho. Nimeliandika nilivyolisikia. Ni kulifichua kosa mpaka mwenyewe alione, ili anyooke.

Mama Kadzo, jirani yangu anayeuza mahamri, akamkatiza. "Mwalimu, yaani kuumbua?"

Watu wakacheka. Mhubiri hakucheka. "La, mama. Ukimuumbua mtu umemvunja umbo lake. Huku ni kukosoa: kosa litoke, mtu abaki."

Baba, Kiswahili nimekisema tangu darasa la kwanza mpaka nilipoachia la sita, na sikujua kwamba ndani ya kuumbua mna kuumba, na ndani ya kukosoa mna kosa linalofunguliwa kama fundo.

Kesho yake fundi wetu, mzee Kazungu, akaukagua ukuta wangu. Kwa macho ulikuwa safi. Akangoja wenzangu waende kula, akafunga madirisha, akailaza taa ubavuni mwa ukuta. Kila kinundu kikatoa kivuli.

"Waona, mwanangu?"

"Naona, fundi."

"Haya, lete mwiko."

Tukakwangua, tukapiga upya. Wenzangu waliporudi walikuta watu wawili wakifanya kazi, basi. Baba, lile neno la mbali lilikuwa limenifikia pale pale kazini.

Kwa hiyo nakuomba, kabla ya Jumapili mchukue Musyoka mwende mpakani, wewe na yeye. Mwonyeshe mashimo ya ile mikonge. Akikubali, irudisheni pamoja. Akikataa, kanisa halihami. Ndugu ninaye mmoja tu. Akiumbuliwa hataketi nawe kula tena, nami nitarudi kwenye nyumba gani?

Nisalimie mama. Shangazi mwambie mpaka ni wake, sijausahau. Musyoka msalimie kwa mkono. Barua hii usimwonyeshe.

Ni mimi mwanao, ninayekutegemea,

Mutiso