Video ya Baba Akitambaa

Jumamosi, jioni. Asubuhi ilinyesha mvua ikaacha matope kila mahali, halafu jua likatoka kali, kama vile halijui kilichotokea. Kichwa kinaniuma. Si kwa sababu ya jua.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Video ile niliipiga mimi.

Basi, nimeliandika. Ni sentensi fupi tu, na nimekuwa nikiizunguka tangu wiki iliyopita.

Nianze na baba, maana bila kumjua baba huwezi kuona ubaya wenyewe. Baba yangu ni dereva wa taksi. Toka esansi, yaani petroli, iwe ngumu hapa Bujumbura, taksi yake inalala zaidi kuliko inavyotembea. Kukiwa na tetesi kwamba mafuta yamefika, anaipanga kwenye mstari wa kituo, anangoja mpaka anachoka, anarudi kwa miguu na gari analiacha palepale lisipoteze nafasi. Kusipokuwa na tetesi anabaki nyumbani. Anayetoka ni mama. Mama anauza vitenge sokoni, anaondoka mapema na anarudi jua likiwa limeshuka. Kwa hiyo mdogo wangu Hamza, ambaye ana miezi minane, analelewa na baba.

Na analelewa kweli. Baba anamfunga mgongoni kwa kitenge cha mama, anafagia, anafua nepi, anakoroga uji, huku Hamza anamvuta masikio. Hapa mtaani kwetu Buyenzi mwanaume kubeba mtoto mikononi ni sawa, hakuna anayegeuka kuangalia. Mgongoni ni kitu kingine. Wanawake wakipita walikuwa wanasimama kabisa, wanamwita baba kwa jina la mama. Zuhura ni mimi.

"Ee, Mama Zuhura, umenyoa nywele?"

"Nimenyoa," baba anawajibu, "na ndevu zimeota. Karibuni chai."

Yeye alikuwa anacheka nao. Mimi ndiye niliyekuwa naingia ndani.

Hamza alipoanza kutambaa, alianza kwa kurudi nyuma. Anaona kijiko mbele yake, anakitaka kwa moyo wote, anasukuma kwa mikono, mwili unakwenda nyuma. Akizidi kukitaka, anazidi kukiacha. Analia kwa hasira mpaka uso unabadilika rangi. Baba akamwangalia siku ya kwanza, akasema, "Mutoto huyu iko na vitesi ya nyuma tu. Ngoja nimuonyeshe ya mbele." Vitesi kwake ni gia.

Akashuka. Magoti na mikono juu ya mkeka, katikati ya uwanja tunaotumia pamoja na majirani, kitenge bado kimefungwa kiunoni. Akaanza kutambaa mbele ya mtoto huku anaunguruma kama gari linalopanda mlima. Vruuu. Hamza akacheka, akasukuma, akaenda nyuma. Baba naye akarudi nyuma kumfuata, makalio juu, bado anaunguruma.

Ikawa ndiyo kazi yao ya kila siku. Nilimwambia mara moja, kwa sauti ambayo sasa naiona mbaya: Baba, acha, atatambaa mwenyewe, watoto wote wanatambaa.

Hakuinua hata kichwa. "Wewe sikukuona," akasema. "Nilikuwa barabarani. Siku moja narudi nyumbani, nakuta unakimbia. Huyu nataka nimuone."

Nilisikia maneno hayo vizuri kabisa. Siwezi kusema sikujua.

Sasa mimi. Shuleni mimi ni mtu ambaye mwalimu anamaliza muhula bila kujua sauti yake. Kifaransa nakiandika vizuri, mdomoni kinakwama. Kirundi nakisema kwa lafudhi ya mtaani kwetu, wanacheka. Kiswahili ni cha nyumbani, ndiyo maana naandika hapa kwa Kiswahili. Darasani kwangu hakuna anayesoma blogu ya namna hii. Tuna kundi la darasa kwenye simu. Wengine wanatupia utani humo kutwa nzima. Mimi nilikuwa nasoma tu. Nadhani hata walisahau kwamba nimo.

Siku ile nilikuwa naanua nguo. Kamba yetu imefungwa kwenye nguzo ya mlango wa Bosco, jirani yetu, fundi baiskeli. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni pake, nguo begani, simu mkononi, na baba yuko kwenye mkeka anarudi nyuma na kuunguruma. Nikapiga. Sikufikiria. Au niseme ukweli, nilifikiria kidogo: nilifikiria kwamba watacheka.

Nikaituma kwenye kundi. Chini yake nikaandika kwa Kifaransa: jirani yetu, kukosa mafuta kumemchanganya.

Jirani yetu.

Hakuna mtu aliyeniuliza ni nani. Hakuna hata mmoja anayemjua baba, maana sijawahi kutaka aje shuleni. Ningeweza kuandika mzee mmoja, ningeweza kuacha bila neno. Nikachagua jirani.

Majibu yalikuja kama mvua juu ya bati. "Zuhura, kumbe we unaongea!" "Mi nimekufa, nizikeni!" "Leta ingine!" Nilikaa kitandani natabasamu peke yangu kama mjinga. Jumatatu, msichana mmoja ambaye hajawahi kunisalimia alisogea kwenye benchi akanipa nafasi. Nilikaa. Nilikaa na nikafurahi, na baba alikuwa nyumbani anafua nepi.

Kumbe video haikai pale unapoiweka. Mmoja akamtumia kaka yake, kaka akawatumia marafiki, na mmoja wa marafiki hao ni dereva wa taksi.

Jumatano nilipotoka shule, mama, aliyebaki nyumbani na Hamza siku hiyo, aliniambia nimpelekee baba chakula kwenye mstari wa mafuta, kwa sababu tetesi zilikuwa nzito na asingeweza kuacha gari. Nikabeba wali na maharage kwenye bakuli lenye kifuniko. Kabla sijaliona gari letu nilisikia sauti.

"Kat-Kat! Kat-Kat, mutoto amekuletea chakula! Shuka kwa magoti ukule!"

Kat-Kat ndivyo wanavyoyaita yale magari makubwa ya wakubwa, yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mikono miwili, magoti mawili: nikajua wameiona video.

"Kat-Kat haihitaji esansi," mwingine akadakia. "Inakwenda na uji!"

Mstari mzima ukacheka. Nilingoja baba ajibu. Baba ana jibu la kila mtu, hata polisi wa barabarani anamjibu mpaka wanacheka wote wawili. Safari hii alifungua bakuli, akaangalia wali, akalifunika tena.

Kijana mmoja akanijia na simu yake. "Dada, umeona sinema ya mzee wako?"

Akaniwekea usoni. Nikaiangalia kazi yangu mwenyewe, na maneno yangu bado yako chini yake. Nikafanya uso wa mtu anayeona kwa mara ya kwanza. Niliufanya vizuri. Sikujua kama nina kipaji hicho.

Baba alinisindikiza mpaka mwisho wa mstari. Alikuwa anaongea polepole, kama anayehesabu njia.

"Imeandikwa jirani yetu," akasema. "Kifaransa changu ni kidogo lakini hilo nalijua. Basi ni mutu wa uwanja wetu. Yule bibi wa upande wa pili haoni vizuri, simu ataitumia namna gani? Halafu ukiangalia, imepigwa toka mlangoni kwa Bosco. Mutu nakula naye. We unaonaje, mama?"

Ananiita mama akiwa na uchungu, au akiwa na furaha sana.

Nikasema, "Labda."

Neno moja tu. Nilikuwa na maneno mengine yote duniani, nikachukua hilo.

Mafuta hayakuja, baba akarudi kwa miguu. Jioni hiyo Bosco alitoka na ubao wa dama na vizibo vyao vya soda, kama kawaida yao. Baba akapita mbele yake bila salamu. Bosco akamfuata hadi barazani. Nilikuwa nyuma ya pazia.

"Baba Zuhura, kuna nini?"

"Jiulize mwenyewe."

"Ile video? Haki ya Mungu, si mimi! Mi simu yangu ndiyo hii." Akaitoa mfukoni, ile ndogo ya vitufe yenye tochi. "Hii itapiga video na nini? Na tochi?"

"Basi uliazima."

Bosco akasimama na ubao wake kwapani. Ni mtu wa maneno mengi, mtu anayemtania kila mteja. Akarudi kwake akafunga mlango, na hapa kwetu hakuna anayefunga mlango saa kumi na mbili.

Mama alisikia habari hiyo hiyo sokoni, kwa wateja. Hakugomba sana. Alisema tu, "Baba Zuhura, kwani huwezi kumfundisha mutoto ndani?" Baba akajibu kwamba hamfundishi tena. Akakikunja kitenge akakirudisha kwenye sanduku la mama, vizuri, kona kwa kona.

Toka siku hiyo anakaa kwenye kiti cha plastiki. Anamlisha Hamza, anamwogesha, anambadilisha, kila kitu sawa. Ila anafanya kama mtu aliyeajiriwa. Hamza anawekwa kwenye mkeka, anamwangalia, anapiga mkeka kwa viganja viwili, ndiyo namna yake ya kumwita chini. Baba anasema, "Apana, leo baba amechoka." Halafu Hamza ananigeukia mimi.

Mimi naangalia pembeni.

Nilifuta ile video kwenye kundi. Haikusaidia kitu, wenzangu walishaiweka kwenye simu zao. Mmoja akaniuliza kwa nini nimeifuta, nikasema simu imejaa. Naona nikianza kudanganya siishii padogo.

Leo sasa.

Mama yuko sokoni, ni Jumamosi. Uwanja una matope, kwa hiyo mkeka uko barazani. Baba kwenye kiti chake, mimi naosha vyombo hatua chache kutoka kwao. Hamza akakaa kwa magoti na mikono, akaanza kujitikisa mbele na nyuma kama anavyofanya siku hizi. Sikutilia maanani. Halafu mkono wa kulia ukaenda mbele. Goti likafuata. Akatulia, akajishangaa. Mkono mwingine. Goti. Alikuwa anakwenda mbele! Polepole, anatetemeka, mate yanamdondoka, macho kwa baba moja kwa moja. Akafika kwenye kiti, akashika suruali ya baba kwenye kifundo cha mguu.

Baba aliona. Nilimwona baba akiona. Uso wake ulifunguka wote, mikono ikashuka, mwili ukaanza kutoka kwenye kiti, goti moja karibu liguse chini.

Halafu akaishia nusu njia.

Aliangalia mlango wa Bosco. Aliangalia uzio. Akaniangalia mimi, na si usoni, aliangalia mikono yangu. Ilikuwa na povu la sabuni, haina simu. Baada ya hapo ndipo akamnyanyua Hamza harakaharaka, kama mtu anayeficha kitu alichookota, akaingia naye ndani na kufunga mlango.

Nilibaki na sufuria mkononi. Kupitia mlango nikamsikia. Vruuu. Chini chini, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika nyumbani kwake mwenyewe. Na Hamza anacheka.

Alikuwa ameingoja siku hii kama wengine wanavyongoja mafuta. Ikaja, na akaipokea kwa kuangalia nyuma yake.

Nimekuwa nikijitetea kichwani. Kwamba sikujua itafika mbali. Kwamba watu wote wanatuma video. Kwamba kulikuwa na siku moja tu ambayo mimi pia nilitaka kusogezewa benchi. Hayo yote ni kweli na hayanisaidii, kwa sababu Bosco bado anafunga mlango wake mapema na baba bado anaangalia uzio.

Ukiniuliza naogopa nini, si kupigwa. Baba hajawahi kunipiga. Video yenyewe nadhani ataisamehe, labda hata kesho kutwa atajitania nayo kwenye mstari. Ninachoogopa ni lile neno. Ataniuliza: kwa nini jirani? Na nitalazimika kumwambia kwamba mahali pale, mbele ya watu wale, sikutaka awe baba yangu. Sijui hilo linasemwaje kwa lugha yoyote niliyofundishwa.

Na nikishamwambia yeye, kuna mlango wa Bosco. Huo nao lazima niugonge mimi mwenyewe.

Adhana ya magharibi imekwisha. Baba ametoka kusali, nimesikia akivua viatu. Sasa anakuja huku kwenye chumba changu, hatua zake nazijua, nzito upande wa kushoto kwa sababu ya miaka ya kukanyaga klachi. Mtu yeyote akija huwa naigeuza simu kifudifudi juu ya godoro na kushika kitabu cha shule. Mkono umeshaanza kwenda huko wenyewe.

Nimeurudisha.

"Zuhura, uko humo?"

Simu iko wazi juu ya magoti yangu, maandishi yote haya yanaonekana, hadi mstari huu. Niko, Baba. Ingia.