Nani Atanunua Sufuria Kubwa

Chapwa, Jumanne usiku

Na bado nasema bei haikuwa tatizo. Nimeishusha tangu asubuhi, nimeita wateja mpaka koo limekauka, na sufuria kubwa zimebaki mezani vilevile. Mwaka huu mahindi yamekubali, watu wana hela. Nikajua baada ya mavuno watabeba kubwa tu, kama zamani.

Mama mmoja wa Isongole, mteja wangu wa miaka mingi, alizigeuzageuza, akaziacha.

"Ndogo huna, baba?"

Nikamwambia, "Chukua hii kubwa, mama, nakupa kwa bei ya ndogo." Nilishaanza kukasirika. Nani anakataa kitu kama hicho?

"Nimpikie nani?" akasema. "Watoto wote wako Saza, kwenye dhahabu. Nyumbani tumebaki mimi na mzee."

Akavuka barabara, akanunua ndogo kwa jirani yangu. Hata hasira ikaniisha.

Jioni nimesonga ugali kwenye sufuria ya mke wangu, mama Neema, ile tuliyokuwa tunaipikia watu saba. Watoto wamekwenda na maisha yao, na yeye nimemzika, lakini mkono wangu bado unamimina unga wa nyumba nzima. Umebaki mwingi tena. Asubuhi nitawamwagia kuku wa jirani, kama kila siku, halafu naenda dukani kushangaa kwa nini watu hawanunui sufuria kubwa.

Kesho naagiza ndogo. Ya kwanza siuzi.