Esha Alipokunywa Maneno Yangu

Jumatano, Pate, baada ya alasiri. Mawingu yametanda tangu asubuhi. Mvua haitaki kunya wala kwenda zake.

Umepotea, Zuhura. Nyamaza, usijitetee. Nakujua: utaingia, utavua buibui, utanibusu mkono mbio mbio, kisha utalichomoa daftari hili chini ya mto wangu ulisome kabla hujanywa hata maji, kama mkaguzi wa skuli. Basi soma hili la kwanza. Amu si Makka. Mtu akipiga chafya Amu, sisi huku Pate twamwombea rehema, na wewe tangu Maulidi hujakanyaga kizingiti cha bibi yako.

Wino ulioniachia nao umekwisha. Wino huo una sehemu yake katika haya nitakayoyasema, lakini sikusingizii. Kosa ni langu. Naandika kwa penseli niliyomnyang'anya jirani yetu seremala, nene kama kidole gumba, kwa hivyo ukiona herufi zimevimba usicheke.

Leo sina hamu ya kuchekwa.

Wewe ndiye uliyenitia maradhi haya ya kuandika. Sisi tulipelekwa chuoni tukafundishwa kuusoma Msahafu, kalamu tukanyimwa, eti mwanamke akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Haya, nimeolewa, nimezaa, nimemzika babu yako, meno yamebaki ya kuhesabika. Nimwandikie nani sasa? Ukaja wewe na daftari na wino, ukanishika mkono kama mtoto, ukanionyesha kuziunga zile herufi ambazo macho yalizijua miaka yote na mkono haukuzijua. Ukasema, "Bibi, kila siku baada ya alasiri, japo mstari mmoja."

Mstari mmoja! Ni kama kumwekea mtoto sinia la halua ukamwambia alambe mara moja.

Nikaanza na mambo ya kipuuzi. Bei ya samaki. Mbuzi wa jirani aliyekula leso yangu kamba ilipokatika. Kisha nikajikuta napika huku natafuta neno la kuandika, wali ukaungua, nikala ukoko kwa furaha. Saa ya alasiri nikawa naingoja kama nilivyokuwa nikitega sikio mlangoni, babu yako alipokuwa kijana na viatu vyake vina mlio. Sijui kama mtu wa umri wangu ana ruhusa ya kupenda kitu namna hii.

Napenda.

Lakini alasiri haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ya Esha.

Wewe unamwita Bi Esha. Kwangu ni wifi, dada wa babu yako. Tangu tulipofiwa na waume zetu, kila alasiri huja na fimbo yake, tukaketi mkekani tukashona kofia. Kofia moja, watu wawili: yeye hushona duara la juu, mimi hushona ukingo wa pembeni, kisha tunaviunga. Hata macho yake yalipoingia ukungu, akawa haoni ila rangi na kivuli, vidole viliendelea kuona. Na kinywa kiliendelea kusema. Tangu kile kidonda kimtoke mguuni, husema mguu tu. Mguu ulivyolala, mguu ulivyoamka, mguu ulivyosema na mbingu kabla ya mvua.

Nikaanza kumwona anakula wakati wangu. Nikawa naitikia "ehe, ehe," jicho liko kwenye daftari. Siku moja nikafunga mlango kwa komeo nikajitia nimelala. Akabisha. "Wifi, umelala?" Nikanyamaza. Akakaa pale nje kitambo, kisha nikasikia fimbo ikirudi kwake, mawe ya uchochoro yakilia moja moja. Siku ile niliandika ukurasa mzima.

Ukurasa mzuri, ukitaka kujua.

Aliniomba jambo moja tu. Nimwendee mwalimu wa chuo amwandikie kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, azioshe kwa marashi, anywe. Nikasema kesho. Kesho ilipofika nikaandika. Keshokutwa nikaandika tena.

Ndipo wino ukaisha. Ilikuwa Alhamisi, mkono unaniwasha na sina hata tone. Nikakumbuka zafarani iliyobaki ya pilau ya Maulidi. Nikairoweka, nikachonga kijiti, nikachukua sahani nyeupe. Nikasema nitaandika hapo, kisha nitaosha, kama tulivyokuwa tukiosha mbao zetu chuoni. Na kwa kuwa nilijua maneno yataoshwa, nikaandika yale nisiyothubutu kuyatia humu unamosoma wewe.

Niliandika hivi: Esha amekuwa mzigo. Amenichosha. Kila siku mguu, mguu. Mguu huo ungekuwa na ulimi ungemwambia anyamaze upumzike. Laiti angekaa kwake, nami nikapata alasiri zangu.

Nikaiweka sahani dirishani ikauke, nikatoka kwenda kisimani. Niliporudi, Esha alikuwa ameketi mkekani pangu, mrashi wangu wa marashi mkononi, sahani mapajani nyeupe pe, machozi yanamtoka.

"Umeniandikia kwa mkono wako, wifi," akaniambia. "Nami nikinung'unika kuwa umenisahau! Nilinusa zafarani tangu mlangoni. Nimekunywa lote, sikuacha hata tone. Mola akulipe."

Alikunywa kila nilichomsema, akasema alhamdulillahi.

Nami nikaitikia amin. Ndiyo, Zuhura. Amin.

Ningesema pale pale ingekuwa aibu ya kumaliza kabla ya magharibi. Lakini usiku ule Esha akalala usingizi, na asubuhi akautangazia mtaa mzima kuwa mkono wangu una baraka. Wakaja wanawake mlangoni na sahani zao wamezishika vifuani. Nikawafukuza kama kuku.

Jumapili akapita dresa wa serikali, mfunga vidonda, yule mtu wa bara mwenye adabu anayevua kofia akiingia ndani. Aliufungua mguu wa Esha, akaufunga tena, akanivuta pembeni. "Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "Jumanne huyu apande mashua pale Mtangawanda aende hospitali ya Amu. Kidonda kimeingia ndani. Akichelewa, watamkata mguu. Na wakichelewa kumkata..." Hakumaliza.

Esha alikuwa amesikia. "Kijana, kunja mkoba wako," akasema. "Mimi nimekunywa kombe la wifi yangu. Mguu uko njiani unapona."

Mguu hauponi. Mimi ndiye ninayeuosha. Nimeunusa.

Jumatatu nzima nilimbembeleza kwa kila hila isipokuwa ukweli. Nikamwambia, "Zuhura amekukumbuka." Nikamwambia bahari imetulia kama maziwa bakulini. Akanicheka: "Wifi, wewe mwenyewe ndiye tabibu, wanifukuzia nini?"

Usiku ule nilipokuwa nasali sikujua nimefika rakaa ya ngapi.

Jana asubuhi na mapema nikaenda kwake, nikaketi chini, kando ya kitanda chake.

"Esha, lile halikuwa kombe."

"Lilikuwa nini basi? Uji?"

"Nilikuwa najizoeza kuandika. Wino uliniishia. Hazikuwa aya."

Akafikiri. "Palikuwa na Bismillahi?"

"Palikuwa. Siandiki kitu bila Bismillahi."

"Basi yatosha. Hayo mengine Mola ameyachuja." Akaanza kucheka, kifua kinampanda na kushuka, nami nikaona ataniponyoka kwa kicheko hicho, na mguu utabaki pale pale kitandani. "Nisomee basi. Ulimsema nani, ewe mwenye ulimi wa upanga?"

Ningeweza kusema nilimsema mbuzi wa jirani. Wallahi, mbuzi alikuwa ameshafika kwenye ncha ya ulimi.

Nikamsomea kwa ghibu, neno kwa neno, mpaka pale pa alasiri zangu.

Hakulia. Aliugeuza uso ukutani. Nje mtu alipita anauza mbaazi, akaita, akaenda zake.

"Ile siku niliyobisha," Esha akasema. "Hukuwa umelala."

"Sikuwa nimelala."

"Niletee buibui langu."

"Nakwenda nawe."

"Wewe baki uandike," akasema, taratibu, kama anayemwambia mtoto ale ashibe. "Alasiri zote ni zako sasa. Mimi nakwenda Amu na mzigo wangu."

Akapandishwa punda, mke wa mwanawe akafuatana naye. Nilikwenda nyuma yao mpaka nyumba zilipoisha. Esha hakugeuka. Haoni, najua. Lakini mlio wa ndara zangu anaujua.

Nikarudi nyumbani nikalifunga daftari hili ndani ya leso, nikalitupa chini ya sanduku, nikaapa.

Kiapo changu umekiona kilipofika.

Leo alasiri niliketi mkekani na kofia yetu. Ukingo wangu nimeumaliza. Duara lake liko nusu, sindano ameichomeka pale alipoishia. Sikuigusa. Nilikaa naitazama sindano ile, nikasikia kimya ambacho nilikuwa nakiomba, na sikuwa na la kukifanyia. Kisha mkono ukaanza kuniwasha. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, mjukuu wangu: roho iko juu kwa ajili ya mguu wa wifi yangu, na bado mkono unataka kalamu. Hata lile neno la mbaazi hapo juu, nilipoliandika nilijisikia vizuri. Mtu gani huyu?

Sitakuahidi kwamba nitaacha kuandika. Nimeshasema uongo wa kutosha wiki hii. Nitaandika kila siku, kama ulivyonifunza, lakini komeo la mchana nimeling'oa. Kwa nyundo. Atakayebisha alasiri atafunguliwa, na daftari litangoja. Lenyewe halina mguu unaouma.

Utakuwa umeshayasikia haya kwa kinywa cha Esha kabla hujayasoma hapa, maana akitoka hospitali atafikia kwako. Alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Usinitetee. Wala usimwambie kwamba mimi ni mzee na wazee husahau, sikusahau kitu.

Sijui kama mguu utabaki. Sijui kama atanirudia. Katika hayo mawili namwomba Mungu la kwanza kabla ya la pili, na nikimaliza najiuliza kama kweli niliyaomba kwa mpangilio huo.

Zafarani ilibaki kidogo, nikaimalizia kwa kuandika asubuhi ya leo. Kuna sahani kidakani, pale ukutani, nimeifunika kwa kawa. Si kombe, sijifanyi mwalimu wa mtu tena. Yaliyomo sikuyanakili humu, maana si yako.

Basi sikiliza. Safari hii usije peke yako. Njoo naye, kwa miguu miwili au kwa mmoja. Mketishe mkekani, upande wake ule wa dirishani. Teremsha sahani umsomee yote kwa sauti, maana macho yake hayaoni na ulimi wangu hatauamini. Usiruke neno, hata lile utakaloona linaniaibisha. Mrashi nimeujaza, uko hapo hapo kando. Akitaka aioshe anywe. Akitaka aimwage uchochoroni.

Ukishamsomea, tuache.