Mtungi Nyuma ya Ekseli

Changamwe,
Jumanne, baada ya alasiri.

Kwa kaka yangu Sharif Mwidani, Mtongwe.

Assalam aleikum warahmatullah. Shikamoo, kaka. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Wardah, na kwamba lile goti lako limetulia kwa kuwa sasa hulali tena chini ya magari. Mimi mwili wangu hauna neno, alhamdulillahi. Anayekuletea barua ni Mishi, binti wa shangazi, ambaye hufanya kazi huku na kuvuka kila jioni kurudi kwao. Nimemwomba akupe mkononi. Utashangaa kwamba nakuandikia ilhali kati yetu ni kivuko tu. Nikikupigia simu, huniuliza habari za gereji, nami hukujibu salama, tukaagana. Kwa kalamu huenda nikaweza kusema zaidi.

Gereji, kaka, imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Malori ya Kipevu yanapita na vumbi lake kama zamani, na jirani zetu wa kuchomelea bado wanagonga tangu asubuhi, lakini kwetu kuna siku hufungua, nikafagia, nikakaa. Chakula cha mchana nakula peke yangu juu ya lile tairi kuukuu. Mteja akija huchungulia ndani kwanza, aniulize kama upo. Nikimwambia hupo, husema atapita siku nyingine. Jalila naye yuko kwa mamake, huko Junda, mwezi wa tatu huu. Hatukugombana. Alisema tu kwamba hawezi kukaa na mume ambaye neno lake ni "naam" peke yake, kutwa kucha. Nami nikasema naam.

Niruhusu nianzie mbali kidogo, hata kama mengine unayajua.

Unakumbuka Lenox alivyotuletea lile Land Cruiser lake la kizamani mwaka jana. Alikuwa akiwapeleka wahudumu wa afya vijijini huko nyuma ya Kinango, njia za mawe na mito mikavu, na petroli ilikuwa imemshinda. Akataka gari litumie gesi. Ulimkalisha ukamweleza kwa utaratibu mahali mtungi unapokaa katika gari la njia mbaya. Si juu ya paa, kwa sababu gari likibinuka mtungi ndio utakaotangulia chini. Si ndani pamoja na watu, kwa sababu gesi ni nzito, ikivuja hutambaa sakafuni ikajikusanya. Na si nyuma ya ekseli, kwa sababu gari likishuka kwenye korongo mkia ndio unaopiga mawe. Ulimwambia mahali pake ni katikati ya chesisi, mbele ya ekseli ya nyuma, umepanda juu kiasi kwamba fremu itagusa jiwe kabla ya mtungi, mbali na ekzosi, na chini yake bamba la chuma. Ulifanya kazi ile siku nne. Hata bolti ulizikaza mwenyewe, hukuniachia.

Kisha ukashikwa na homa, ukalala nyumbani siku tatu. Gari likachukuliwa, na wiki ya pili yake tukapata habari kwamba limewaka moto huko korongoni. Lilikuwa likishuka asubuhi, mtungi ukapigwa na jiwe, koki ikavunjika. Lenox alitoka mzima, akarudi kumtoa Nyamvula, yule muuguzi aliyekuwa naye, ambaye mlango wake ulikuwa umekwama. Nyamvula alipona na jeraha la mguu. Lenox akaungua mikono yote miwili.

Ulikwenda hospitalini kumtazama, ukaambiwa jamaa zake wamekwisha kumchukua kumpeleka kwao bara. Ukaenda kulitafuta gari, ukakuta limekatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Ukarudi ukakaa pale mlangoni ukasema bolti zako zimekatika, kwamba ulizikaza ukiwa tayari una homa bila kujua. Mafundi wa mtaani nao wakalishika neno lako, wakawa wanalirudia. Siku ya tano ulikusanya nguo zako za kazi, ukaniachia vifaa vyote, ukasema mkono uliokwisha kuunguza watu hautashika spana tena. Nami nilikubebea mfuko hadi stejini. Ulinipa mkono, ukanisihi niwe mwangalifu kuliko wewe.

Sasa nakuja kwenye la wiki iliyopita. Alhamisi Lenox alikuja gerejini. Amekonda, na vidole vyake havikunjiki sawasawa. Nilimletea chai, akaishika bilauri kwa viganja viwili kama mtoto. Alikuulizia wewe. Nikamwambia uliacha kazi. Akasema amekuja mahsusi kukuona, akuambie kwamba hana kinyongo nawe kwa kukubali ule mtungi uhamishwe.

Kaka, mtungi ulihamishwa.

Ulipokuwa na homa, Lenox alirudi akitaka tangi la maji lifungwe pale katikati, ili nyuma apate nafasi ya watu na masanduku ya dawa. Aliniuliza kama gesi yaweza kurudi nyuma. Nilijua jawabu. Nimelisikia kwako miaka kumi na tisa. Lakini aliniambia, "Si wewe pia ni fundi?" Na wallahi, hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo katika gereji ile. Nilikuwa nduguye Sharif, wa kushika taa na kuleta spana. Nikamdanganya kwamba nimekupigia simu nawe umeridhia. Nikaufungua mtungi wako, nikaufunga nyuma ya ekseli, chini ya bampa, kwa nusu siku. Lile bamba la chuma sikulirudisha, maana halikuenea pale. Nilipomaliza nilisimama mbali nikaitazama kazi yangu, nikaiona nzuri.

Kwa hiyo bolti zako hazikukatika. Hazikuwamo garini hata moja. Nilizitupa katika kopo la misumari, na zimo hadi leo, nzima, hazina alama.

Ulipokaa pale mlangoni ukijilaumu, maneno yalinifika kinywani, nikayarudisha. Nilijiambia kesho. Kesho ikawa miezi kumi na mmoja. Nilidhani ukiondoka, nitapata nafasi ya kuwa fundi. Nafasi nimepata, na hakuna mtu ndani yake.

Yote haya nilimwambia Lenox palepale. Hakunitukana. Aliweka bilauri chini, akatazama mikono yake kwa muda, akasema yeye ndiye aliyeomba, na hilo atalibeba yeye. Lakini la kumwacha mtu ajilaumu kwa kosa lisilo lake, hilo si lake wala hawezi kunisaidia. Akaondoka bila kuaga.

Leo baada ya adhuhuri nimewaita mafundi wa safu yetu, nikawaambia mbele ya wote. Mzee Mahfudh wa rediyeta alikwenda akalisukuma gari lake alilokuwa ameniachia nilitengeneze, akalitoa nje. Nilimsaidia kusukuma.

Sikuombi urudi, wala sikuombi unisamehe kwa karatasi. Usipojibu nitajua sababu, na sitamuuliza Mishi. Nimeandika ili ujue kwamba kazi uliyoifanya kwa mikono yako ilikuwa nzima, na kwamba kama lile gari lingeshuka korongoni jinsi ulivyoliacha wewe, lingepanda ng'ambo ya pili.

Mpe salamu shemeji Wardah, na majirani wa hapo Mtongwe wanaonikumbuka. Barua hii usimfiche mtu. Mwenyezi Mungu akupe afya, na akurudishie ile raha niliyokunyang'anya.

Ni mimi nduguyo,
Anwar Mwidani.