Nyegere na Ndege wa Asali

Kabambare

Jumatatu, 6 Shaaban
Asubuhi ya kumi na moja kichakani. Nyegere jike ametoka jua lilipopanda. Mgongo wa majivu, tumbo jeusi. Amechimbua kichuguu kwa kucha za mbele, amekula, ameondoka pua chini. Mtoto mmoja tu, yumo shimoni. Nimepima alama za kucha: zinapita kiungo cha kidole changu.

Jumanne, 7 Shaaban
Nimemsomea Bwana Salehe, mkuu wetu hapa, maandishi yangu ya nyegere barazani. Alipiga miayo. Kisha Sudi, mwandishi aliyekuja juzi kutoka Kasongo, akasimulia jinsi ndege wa asali anavyomwita nyegere na kumwongoza hadi kwenye nyuki, wakala pamoja. Baraza zima lilimsikiliza.
"Mwalimu," Bwana akaniambia, "miaka yote unaniletea kucha na mavi. Huyu analeta habari."
Namwonea Sudi wivu. Naandika ili nisijidanganye.

Jumatano, 8 Shaaban
Bwana atabaki na mwandishi mmoja. Mwingine ataenda kukaa kivukoni Nyangwe. Ijumaa ya wiki ijayo nimpe jibu: ndege huyo yupo au hayupo? Ikiwa Sudi amesema kweli, naondoka mimi.
Nilimuuliza Sudi alimwona wapi.
"Sikumuona, mzee wa mashimo. Bibi yangu alimuona. Inatosha."
Hana aibu hata kidogo. Ana sauti nzuri. Hilo nalo linaniudhi.

Jumapili, 12 Shaaban
Jike amehama, mtoto mdomoni. Mbwa wawili wa wawindaji walimkuta njiani. Akamweka mtoto chini. Mbwa mmoja alimshika jike shingoni. Ngozi ya nyegere imelegea, akajigeuza ndani yake na kumng'ata usoni. Halafu akatoa harufu. Mpaka sasa imo nguoni mwangu. Mbwa wote wakakimbia.
Ndege hakuna. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 16 Shaaban
Ndege amekuja.
Mdogo, kijivu, manyoya meupe pembeni mwa mkia. Alilia, akarukia mti wa pili, akalia tena. Nyegere alisimama, akainua pua, akamfuata. Mti wa tatu ulikuwa na nyuki. Akapanda, akapasua. Masega yakaanguka. Ndege akashuka, akala nta.
Nilikuwa hatua arobaini. Peke yangu.

Ijumaa, 17 Shaaban
Baada ya sala nimesoma: "Siku ishirini na moja nimemfuata nyegere. Ndege sikumwona."
Bwana alimtazama Sudi. Sudi alitazama mkeka.
Ni mara ya kwanza kuandika uongo.

Jumamosi, 18 Shaaban
Sudi amepita kuaga, mzigo begani.
"Bibi yangu alikuwa anasema iko ndege. Lakini wewe uliangalia na macho yako, mwalimu. Unisamehe."
Akanibusu mkono, akashika njia ya Nyangwe.
Mvua ya asubuhi imekatika. Ndege analia nyuma ya nyumba, anaruka, analia mbele kidogo. Sijatoka.