Joka la Jumamosi na Mashujaa Wasioshindika

Kwa dada yangu mpenzi Mwanahamisi,

Assalaam alaykum, na shikamoo Dada. Natumai kile kifua kimeshapoa, na Shemeji Rajabu amerudi salama kutoka Pangani. Mimi ni mzima, alhamdulillah, ila baridi ya huku bado inanitembeza nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Masomo ya udaktari wa mifugo yanakwenda. Juzi nilimzalisha ng'ombe kwa mikono yangu mwenyewe, ndama akasimama, nikajikuta nacheka peke yangu zizini.

Sasa nijibu swali lako. Umeandika kwamba Mama ameshtuka kusikia kila Jumamosi nakaa na Wamarekani tunapigana na joka, na anauliza kama nimeingia mambo ya mashetani. Mwambie asihofu. Hapana ubani, hapana pepo. Ni mchezo tu, na hata kwa wenyeji ni mgeni. Watu wanazunguka meza, kila mmoja ana shujaa wake kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, uganga anaoujua. Mmoja hana shujaa. Huyo ndiye mwenye meza. Yeye anausimulia ulimwengu wote, mto uko wapi, nani yuko nyuma ya mlango, joka linafanya nini. Ukitaka kufanya jambo gumu unatupa dadu, nayo ndiyo inayoamua. Shujaa akishinda anapanda daraja. Akifa, amekufa.

Nilipofika huku, Dada, niliweza kumaliza mapumziko ya wiki bila kusikia mtu akiniita jina langu. Aliyenivuta ni Walter, mwanafunzi mwenzangu, mtu mzima aliyerudi shule baada ya vita, anachechemea mguu mmoja. Akaniambia, "Njoo Jumamosi, tuna kiti kitupu." Nikaenda, na tangu siku ile nina watu.

Mwaka huu mwenye meza wetu alipata kazi mji mwingine, wakaniomba nishike nafasi yake kwa kuwa wanapenda ninavyosimulia. Nilikubali kwa furaha, kumbe narithi mzigo. Mashujaa wao walikuwa wameshapanda madaraja ya juu kabisa. Wa Walter ana upanga unaokata jiwe. Wa Ruth, muuguzi wa hospitali ya mjini, anaitwa Daniel, anaweza kutoweka na kuita radi. Wapo pia mapacha wawili, waganga wao wanaruka angani kama kunguru. Watu kama hao utawatisha na nini?

Nikawawekea joka ndani ya pango, limelalia dhahabu. Wakaingia, wakalizunguka, likafa kabla chai haijapoa. Hakuna aliyefurahi. Walter aliisukuma karatasi yake katikati ya meza akasema, "Labda hawa mashujaa wamezeeka. Labda tuwapumzishe, na sisi tupumzike." Meza ikivunjika, Jumamosi yangu nitaipeleka wapi?

Wiki iliyofuata nikaleta joka jingine, gumu mara mbili, moto mara mbili. Likatokea juu ya mlima, likafungua kinywa mara moja tu, na shujaa wa Ruth na wa pacha mmoja wakawa majivu. Ruth alikusanya dadu zake, akavaa koti, akaenda zake.

Kesho yake nikamfuata kwake kumtaka radhi. Akanikaribisha jikoni, akanimiminia kahawa.

"Nimekuudhi kwa kumuua Daniel," nikasema.

"Hapana," akajibu. "Mashujaa hufa. Nimeudhika kwa sababu sikuwa na la kufanya. Sikuona dalili, sikupewa njia, sikuchagua kitu." Akaweka kikombe chake mezani. "Daniel ni jina la kaka yangu. Aligongwa na gari. Hata yeye hakupewa nafasi."

Dada, nilikosa pa kutazama. Nikamwomba arudi mara moja tu, na wenzake wote wakakubali Jumamosi ile ihesabiwe kuwa ndoto, Daniel awe hai.

Wiki nzima nikawa nafikiri. Nikizidisha nguvu, nawachinja, nikipunguza, wananicheka. Ndipo nikakumbuka shamba la Mjomba Kibwana kule Mkange, tulivyokuwa tukipiga madebe kufukuza tembo. Unakumbuka? Tukipiga upande huu, wao wamo upande ule. Mjomba alikuwa akisema, "Tembo hashindani na mkuki wako, anashindana na uchovu wako." Na kweli hawakuja kwa ajili yetu. Walifuata mahindi, na kila mara tuliona nyayo zao kwanza.

Basi nikalichukua joka lile la kwanza, mwili uleule, moto uleule, sikuliongezea hata ukucha. Nikalipa akili, nikalipa nchi yake, nikalipa na sababu. Watu wa kijiji cha bondeni walichimba mawe mlimani wakavunja mayai yake. Kwa hiyo joka lilikuja kulipiza, na halikukaa pangoni kungoja kuuawa. Mashujaa walikuta kwanza mbuzi waliokaushwa na moto, kisima kinachochemka, moshi unaokuja na upepo. Kila dalili niliwapa. Joka likachoma ghala, wakatumia uganga wao kuzima moto. Likabomoa daraja, wakatumia uganga kuvusha wazee. Kila wakilikimbilia, halipo. Lilipowashukia kivukoni walikuwa wamechoka, na nyuma yao watoto wa kijiji walikuwa bado majini.

"Tunaweza kutoroka?" akauliza pacha mmoja.

"Mnaweza," nikamwambia. "Nyinyi mtaokoka. Watoto, sijui."

Ruth akainua uso. "Daniel anabaki ukingoni. Wengine vusheni watoto."

"Ruth, halitakuacha," Walter akasema.

"Najua. Safari hii nimeliona likija."

Mwenye meza hutupa dadu zake nyuma ya kadibodi ili wachezaji wasizione. Niliiondoa ile kadibodi, nikaiweka sakafuni, kila mtu aone. Daniel akaita radi, bawa la joka likachanika. Likampiga mkia, akasimama tena. Nilihesabu kila dadu mara mbili, wallahi, kana kwamba mtu kweli yuko ukingoni. Watoto wa mwisho walipogusa nchi kavu, nikatupa dadu ya joka, sote tukaitazama inavyobingirika, na ikaamua Daniel afe.

Joka likapaa, likiyumba, likarudi mlimani. Nikaogopa kumtazama Ruth. Nilipomtazama, analia na kucheka kwa pamoja, anafuta machozi kwa mkono wa sweta. Akasema, "Ahsante, Athumani." Walter akapiga meza kwa kiganja: "Nani alisema tupumzike?" Tukainuka tukaenda kula pilau niliyopika mimi, bila iliki wala mdalasini kwa kukosa. Waliisifu hivyo hivyo, masikini, hawajui.

Nisalimie Mama, umbusu mikono kwa niaba yangu, umwambie mwanawe anaswali na anakula. Msalimie Shemeji Rajabu, na Mjomba Kibwana ukimwona mtu wa kwenda Mkange. Shangazi Tatu wa Mlingotini mwambie dawa yake ya mafua imenifaa kuliko za huku. Wanao nao wabusu wote, hasa yule mtundu asiyetaka chuo cha Kurani.

Jambo la mwisho. Ruth ameanza shujaa mpya, wa daraja la chini kabisa, hana kitu ila kisu na kamba. Ni mwanamke wa pwani. Aliniomba jina la mtu asiyekimbia na kuacha watoto nyuma, nami sikuhitaji kufikiri. Kwa hiyo, Dada, Jumamosi ijayo Mwanahamisi ataupanda mlima, na joka bado li hai. Niombeeni dadu njema.

Mdogo wako akupendaye,
Athumani