Kakakuona Mwenye Baa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tena. Mtaa wetu wa Bwaise maji hadi kizingitini. Saluni hakuna mteja, nimechora tangu asubuhi. Sura mpya ya katuni yangu imekamilika. Kakakuona mwenye baa amepata kofia ya manyoya, Fisi amepuliza tarumbeta mpaka mashavu yakavimba. Marekani ya zamani, pombe marufuku, wanyama wanakunywa kwa kujificha. Marekani sijafika. Bukavu na Kampala zimenitosha.

Magamba ya kakakuona ndiyo starehe yangu. Wengine wanachora paka na mbwa. Wavivu.

Safari hii nimeongeza birika. Polisi wakiingia, baa nzima inakunywa chai. Wazo la birika nimelitoa kwa Nalongo, mwenye nyumba wangu. Kwenye chumba chake cha nyuma watu wanakunywa waragi, pombe kali ya kupikwa, kwa vikombe vya chai, na biskuti mezani za kupumbaza macho. Leseni hana. Jina lake sikuandika, mtaa sikuutaja, na langu nimelificha pia. Nimepandisha mtandaoni.

Jumatano, 5 Machi

Inasomwa! Kuliko sura zote zilizotangulia. Leo nimesuka watu nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Maoni mengi ni ya Kiganda, siyaelewi vizuri. Neno moja linarudi kila mahali. Lugave, Lugave. Nadhani ni sifa.

Alhamisi, 6 Machi

Si sifa.

Nimemuuliza Sarah, tunayesuka naye. Alicheka mpaka akaweka kitana chini. Lugave ni kakakuona. Tena ni ukoo. Kila Muganda ana mnyama wa ukoo wake, wanamwita muziro, ni mwiko kumla, na ukimtaja mnyama umewataja watu wake.

"Si ule ni Nalongo yako?" akasema. "Iko Lugave, iko na birika. Bwaise yote tunajua."

Hajui mchoraji ni mimi. Hakuna anayejua.

Nilidhani ukitaka kumficha mtu unamvisha mkia. Kumbe hapa nimemwandika jina kwenye paji la uso. Miaka yote hii naishi na Waganda, nakula kwao, nasuka mabinti zao, na hili sikulijua. Mjinga. Mjinga kabisa.

Nimeifuta sura nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Kufuta hakukusaidia kitu. Picha zimeshaingia WhatsApp. Mteja amenionyesha kwenye simu yake huku namsuka, akauliza kama nimeziona. Nimesema bado. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni nimekwenda kumwonya Nalongo. Alikuwa anasuuza vikombe. Akanipa muhogo wa moto, akaniuliza kama mama yangu amepona. Huyu ndiye aliyenipa chumba nilipofika sina hata godoro, wakati wenzake waliona tu mkimbizi. Nimekula muhogo, nimesema asante, nimetoka. Sikumwonya. Najichukia.

Jumamosi, 8 Machi

Wamekuja mchana. Askari watatu na mtu wa halmashauri ya mtaa. Afande mwenye simu mkononi ndiye aliyegonga.

"Nyabo, fungua. Baa yako tumeona kwa simu."

Walikwenda moja kwa moja kwenye mabirika. Hawakutafuta popote pengine. Wakanusa, wakamwaga yote mtaroni. Mtaa mzima ulinuka waragi. Nalongo hakupiga kelele. Aliomba tu avae gomesi, gauni lake la heshima, asipelekwe kituoni na leso kiunoni kama mwizi wa kuku. Wakamngoja.

Mimi nilisimama na wapangaji wengine. Alinipa ufunguo wa nyumba, nikaushika. Hicho ndicho nilichofanya. Kwenye katuni ningechora mlango wa siri ukutani, kakakuona akajiviringisha akatoka. Nimeutazama ukuta ule wa matofali mpaka walipoondoka.

Jumapili, 9 Machi

Nimepika matoke, nimepeleka kituoni. Chakula walipokea, mimi walinirudisha. Sijui kama kilimfikia.

Wasomaji wanadai sura inayofuata. Wapotelee mbali.

Jumanne, 11 Machi

Nilitaka kwenda kusema ni mimi. Kumwambia nani? Na nikisema, waragi itarudi kwenye birika? Nimelala na viatu.

Alhamisi, 13 Machi

Nalongo amerudi. Amenywea. Wamemwonya: wakikuta hata tone, nyumba inafungwa. Bila waragi hawezi kuiendesha. Atamwachia kaka yake, yeye aende Masaka kwa dada yake. Atalima, anasema. Mgongo wake ule.

Aliniita nimsaidie kufunga vikombe. Tuliketi sakafuni, magazeti katikati. Alizungumza bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Mtu alichora mimi iko Muganda," akasema. "Alijua muziro yangu. Iko jirani, ama mtu ya kanisa. Sasa nikisalimia mtu, naangalia macho yake. Wewe tu siogopi, mwanangu. Wewe Mukongo, hii mambo yetu hapana jua."

Nilifungua mdomo niseme ni mimi.

Akanipa kikombe kingine. Nikakifunga, nikakiweka kwenye boksi pamoja na vingine.